Lile jiwe jeusi alilotupa mjomba

Hapa mezani kwangu kuna jiwe, dogo tu, kama kipande cha sabuni ya mche. Lina mistari, mweusi, mweupe, mweusi tena, na mingine imeelekea wekundu wa kutu, ukilitazama kwa mbali unaweza kusema ni kitenge kimekunjwa. Katikati limekatwa na ufa mwembamba sana, unene wa kucha, na kando ya huo ufa pande zote mbili ile mistari myeusi imegeuka njano iliyopauka kama shaba ya kitasa cha zamani. Pembeni ya jiwe nina sumaku niliyotoa kwenye spika ya redio mbovu. Ukiiweka kwenye mistari myeusi kule mwisho inanata mpaka unatumia nguvu kuibandua, ukiisogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye ufa inaanza kulegea, na ukifika penyewe kwenye ile njano inadondoka mezani. Nimefanya hivi labda mara mia na bado sijachoka, sababu pale sumaku inapokataa kushika ndo pana maelezo yote ya jinsi dhahabu ya Geita ilivyofika ilipo, na mimi imenichukua miaka mingi kuyaelewa.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, pande zetu za Katoro, Geita. Mimi nilikuwa kidato cha pili, likizo ikifika naenda kwake kusaidia kubeba viroba. Nafika, "shikamoo mjomba", "marahaba mjomba, umekuja kula au umekuja kazi?", na kabla sijakaa nshapewa kiroba. Yeye na wenzake walianza na udongo mwekundu wa juu, wakaja kwenye jiwe jeupe lenye kutu, hilo ndo walilokuwa wanalifuata chini kama mtu anayefuata kamba gizani, wanaweka matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, wanashuka, wanalipua, wanapandisha kwa winchi. Ilivyofika kama mita ishirini na kitu jiwe jeupe likaanza kubanwa, likawa upana wa mkono, likawa upana wa vidole, afu likapotelea kwenye jiwe jeusi lenye mistari. Mjomba akapanda juu, akakaa kwenye ndoo akasema mwamba umekufa. Hakusema kwa hasira, alisema kama anavyosema mtu aliyekuwa anaitegemea hiyo hela kwa ada na bati za nyumba. Wakaendelea kuchimba kutafuta jeupe lilikopita, na yale meusi yote wakawa wanayamwaga nje, kifusi.

Pale kwenye kifusi walikuwa wanakuja kina mama na nyundo zao kuokota. Kuna mama mmoja wa makamo nilikuwa napenda kumwangalia anavyofanya, sababu wengine walikuwa wanasomba tu ila yeye anachagua. Anainua jiwe jeusi, analigeuza, anatafuta ufa, akikuta ufa hauna kitu analitupa, akikuta ufa una kutu, ile ya kahawia inayoacha unga kidoleni, anatia kwenye beseni. Nikamuuliza mama mbona unachagua yaliyoharibika unaacha mazuri. Akanijibu, "Mwanangu, hayo safi hayajawahi kunipa kitu. Lenye kutu ndo limeguswa."

Alikwenda kuyaponda, akaosha kwenye karai mbele yangu. Kama hujawahi kuona, unazungusha maji taratibu, udongo mwepesi unatoka kwanza, afu mchanga mweupe, unabaki mchanga mweusi mzito unaokaa chini kama ugoro, unainamisha karai kidogo, unagonga ukingo kwa kiganja, na ule weusi unarudi nyuma polepole. Nyuma yake ukabaki mkia mwembamba wa njano, kama uzi, urefu hauzidi nusu kucha. Kutoka kwenye jiwe la kifusi. Mjomba alikuja kujua wiki iliyofuata, na kufikia hapo nusu ya kifusi ilishaondoka kichwani mwa kina mama.

Hilo neno "limeguswa" lilikaa na mimi mpaka nikaenda kusoma jiolojia, na nawaambia ukweli, sijapata maelezo bora kuliko yale. Wachimbaji wengi nilioongea nao wanauliza swali moja, dhahabu inakaa kwenye jiwe gani. Na kila mtu ana jibu lake kutokana na alikochimba. Wa huku atakwambia jiwe jeupe, kwatzi, bila kwatzi usihangaike. Mwingine atakwambia fuata kutu. Mwingine amechimba kwenye granaiti, mwingine maisha yake yote ni mchanga wa mtoni. Wote wanasema kweli na ndo maana wanabishana. Mi naona swali la kuuliza ni lingine kabisa: maji yaliyobeba dhahabu yalipita wapi, na hapa yalikutana na nini kikayafanya yaitue?

Sababu dhahabu haizaliwi kwenye jiwe ulilolikuta nalo. Iko kila mahali, hata kwenye tofali la nyumba yako, ila kidogo mno, mwamba wa kawaida una gramu chache tu kwenye tani elfu moja. Mgodi mkubwa kwa kawaida unahitaji kama gramu moja, mbili, tatu kwenye tani moja. Kwa hiyo lazima kitu kipite kwenye miamba mingi sana huko chini, kiikusanye ile kidogo kidogo, afu kije kuimwaga yote sehemu moja nyembamba. Hicho kitu ni maji ya moto. Sio ya kuchemsha chai, ni maji yenye nyuzi joto kama 250 mpaka 400, chini ya ardhi kilomita kadhaa, yamebanwa na uzito wa miamba ndo maana hayageuki mvuke. Miamba ikizikwa chini sana na kupashwa moto inatoa maji yaliyokuwa ndani ya madini yake, inayatoa kama jasho, pamoja na hewa ya kaboni na salfa. Salfa ndo muhimu hapa, ile yenye harufu ya yai viza. Dhahabu peke yake haiyeyuki kwenye maji, unajua pete inavaliwa miaka hamsini na inaoshwa vyombo kila siku, ila ikikutana na salfa ya namna hiyo kwenye maji ya moto inashikana nayo na inasafiri. Salfa ndo inaibeba mgongoni. Mnyang'anye mbebaji nguvu zake, mzigo unaanguka hapo hapo.

Sasa rudi kwenye jiwe langu na sumaku.

Ile mistari myeusi ni magnetaiti, chuma kitupu na oksijeni, ndo maana sumaku inanata. Myeupe na myekundu ni jiwe la silika, kitu kile kile kinachotengeneza kwatzi, lililoganda sakafuni mwa bahari, tabaka la chuma, tabaka la jeupe, tabaka la chuma. Ndio, Geita palikuwa bahari, ila ni zamani ambayo kichwa kinakataa kuishika, kama miaka bilioni 2.7 iliyopita, hakuna samaki, hakuna jani, hewa yenyewe haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Baadaye ile sakafu ikakunjwa, ikazikwa, ikachomekwa na miamba ya moto iliyopanda kutoka chini, afu miamba ikapasuka, na kwenye ile mipasuko yakapanda maji yenye salfa na dhahabu. Hii ilikuwa kama bilioni 2.6 iliyopita, yaani jiwe lilikaa pale makumi ya mamilioni ya miaka bila dhahabu, mistari yake imetulia, ndo maji yakaja.

Maji yalivyofika kwenye mstari mweusi yakakuta chuma kingi, na chuma na salfa wanapendana kuliko salfa na dhahabu. Salfa ikamwacha dhahabu ikaenda kuungana na chuma, wakatengeneza pairaiti, ile njano iliyopauka pembeni ya ufa wangu. Pairaiti haivutwi na sumaku. Dhahabu imebaki haina wa kuibeba, ikatua pale pale, ndani ya pairaiti na pembeni yake. Kwa hiyo sumaku inavyolegea kadiri unavyosogelea ufa inakuonesha kwa mkono wako mwenyewe jinsi maji yalivyokula chuma, wapi yalifika na wapi hayakufika. Kule mwisho sumaku inakonata vizuri, jiwe ni safi, maji hayakufika. Na yule mama hakuwa na sumaku. Aliona kutu, na kutu ni pairaiti iliyokutana na mvua na hewa ikaoza. Halijaguswa, limeguswa. Alikuwa sahihi kwa asilimia zote.

Nisiwadanganye, sio kila pairaiti ina dhahabu, ipo nyingi tu tupu, na kuna ndugu yake mwingine wa chuma na salfa ambaye sumaku inamvuta kidogo, kwa hiyo sumaku sio mashine ya kugundua dhahabu. Lakini kwenye hii miamba yetu yenye mistari ya chuma inafundisha kuliko darasa. Shimo kubwa la Nyankanga pale Geita liko kwenye mambo haya haya, miamba ya mistari ya chuma imechomekwa na mwamba wa moto unaoitwa daioraiti, ukanda wa mpasuko umepita humo humo, na dhahabu nyingi imekaa kandokando ya pale miamba hiyo miwili inapokutana. Wajerumani walishaona dalili za dhahabu Geita tangu 1898, ukaja mgodi wa chini enzi za Waingereza ukafungwa 1966, huu wa sasa ulianza 2000. Na hata mgodi wa Kibali kule kaskazini mashariki mwa Congo, mawe yenye mistari ya chuma yamo.

Sasa na jiwe jeupe la mjomba? Nalo alikuwa sahihi, tena sana, ila sababu yake ni nyingine. Kwatzi ni silika iliyokuwa imeyeyuka kwenye yale yale maji ya moto. Mwamba ukipasuka maji yanaingia kwenye nafasi, presha inashuka ghafla, na maji yaliyokuwa yamebeba silika na dhahabu chini ya presha kubwa yanashindwa kuendelea kubeba. Fikiria soda uliyoitikisa ukafungua kifuniko. Gesi inatoka, salfa inapotea, dhahabu inaanguka, silika inaziba ufa. Ufa ukishazibwa presha inaanza kujaa tena chini, miaka inapita, tetemeko lingine, ufa unafunguka tena, maji tena, kwatzi tena. Ukichukua kwatzi la mshipa mzuri ukalitazama ubavuni utaona vimistari vyembamba vyembamba kama kurasa za daftari lililolowa, kila kimoja ni safari moja. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Australia walipiga hesabu wakaonesha kwamba ufa ukifunguka kwa tetemeko, presha inaweza kushuka kwa kasi kiasi kwamba maji yanageuka mvuke papo hapo na kila kilichomo kinabaki. Afu 2024 watu wa Chuo Kikuu cha Monash wakaleta kingine kilichonishangaza zaidi, walichukua vipande vya kwatzi wakavizamisha kwenye maji yenye dhahabu wakavitikisa kwa mota kuiga tetemeko, sababu kwatzi ikiminywa inatoa umeme kidogo, ndo hiyo hiyo ya kwenye saa ya mkononi, na dhahabu ikaanza kung'ang'ania juu ya kwatzi, na ikishapata pa kuanzia nyingine inakuja kukaa juu ya hiyo hiyo. Hii inaweza kuelezea kwa nini wakati mwingine unakutana na nundu zima la dhahabu ndani ya jeupe na pembeni yake hola.

Mshipa ambao nafikiri kila Mtanzania anayependa mawe angefaa aufahamu ni wa Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo ndo walioufichua katikati ya miaka ya 1970, mgodi mkubwa ukaja kufunguliwa 2001. Ni mwembamba, umesimama karibu wima kama ukuta, umeshuka chini zaidi ya kilomita moja, na umepita kwenye mpaka kati ya miamba ya volkano na tabaka la jiwe jeusi laini la tope la zamani lenye kaboni, ukilishika linaacha weusi mkononi kama mkaa. Ule weusi sio bure. Jiwe laini linateleza kirahisi, kwa hiyo ardhi ikisukumwa mpasuko unachagua kupita hapo, na kaboni nayo inabadilisha kemia ya maji, inaweza kuyafanya yaachie mzigo. Kwa hiyo hapo una mambo mawili yamekutana, njia na kizuizi. Na humo kuna shaba pia imechanganyika na dhahabu.

Granaiti nataka niisemee sababu nimesikia mara nyingi "ukifika kwenye granaiti rudi nyumbani". Watu wanaangalia yale mawe makubwa ya Mwanza, yamekaa ziwani miaka yote hayana kitu, wanasema hilo jiwe limelaaniwa. Lakini Buzwagi pale Kahama, mgodi uliofanya kazi 2009 mpaka 2021, mwamba wenyewe ni granaiti. Nyabirama kule North Mara, jamii hiyo hiyo. Granaiti haina chuma kingi cha kumnyang'anya salfa kwa hiyo ile habari ya sumaku hapa haina nguvu, ila granaiti ni ngumu, na kitu kigumu kikisukumwa hakikunjiki, kinapasuka, na kikipasuka nyufa zinabaki wazi maji yapite. Ndo utakuta mishipa ya kwatzi, na pembeni yake granaiti imebadilika rangi, imekuwa ya kijani au njano, laini, inamenyeka. Limeguswa! Granaiti safi inayong'aa na kulia ukiigonga, hiyo kweli rudi nyumbani.

Chunya nako ukifika utajua dunia ina kona nyingi. Dhahabu ya Lupa, yaani machimbo ya huko Chunya, sio rika moja na ya kwetu Kanda ya Ziwa, ile iliwekwa karibu miaka bilioni 1.9 iliyopita, ni mdogo wetu kwa kama miaka milioni 700, ndani ya granaiti zilizominywa na kupasuliwa milima ya zamani ilipokuwa inajengwa upande ule. Ila watu wa kwanza kwenda Chunya hawakufuata mwamba wowote. Miaka ya 1920 na 1930 rashi ya Lupa, yaani watu kukimbilia dhahabu kwa wingi, ilikuwa ya mchanga wa mtoni. Mvua imekula mwamba miaka na miaka, kila kitu kimesombwa, na dhahabu kwa kuwa ni nzito mno, karibu mara 19 ya uzito wa maji wakati mchanga wa kawaida haufiki mara 3, haiendi mbali. Inakwama pale mto unapopunguza mwendo, ndani ya kona, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nyufa za mwamba chini ya kokoto. Karai la yule mama linafanya kazi ile ile ya mto, kwa dakika tano tu. Kakamega kule Kenya nako rashi ya 1931 ilianza na dhahabu ya mtoni kabla watu hawajapanda kutafuta mishipa yenyewe.

Na kuna mto mmoja uliokufa ambao mpaka leo nikiufikiria nanyamaza. Witwatersrand, Afrika Kusini. Dhahabu yake ilitangazwa 1886 na Johannesburg ikaota pale pale. Kule dhahabu iko kwenye kokoto zilizogandana kama zege, kokoto za mviringo za kwatzi, kabisa kabisa unaona huu ulikuwa mto, ila mto wa karibu miaka bilioni 2.9 iliyopita. Kati ya dhahabu yote ambayo binadamu amewahi kuichimba duniani, fungu kubwa kuliko la eneo lingine lolote limetoka huko. Wajiolojia wamegombana miaka mia kama dhahabu iliingia na mto au ililetwa baadaye na maji ya moto, na mwaka 2002 kuna watu walipima umri wa dhahabu yenyewe wakapata kama bilioni 3, yaani dhahabu ni mzee kuliko kokoto iliyolalia, jambo linaloupa nguvu upande wa mto, ingawa inaonekana maji ya moto nayo baadaye yalipita yakaisogeza sogeza na kuipanga upya. Leo watu wanaifuata kwenye mgodi wa Mponeng karibu kilomita 4 chini, mwamba wenyewe ni wa moto huwezi kuuegemea. Kokoto za mtoni, kilomita nne chini.

Chokaa je? Kwetu sijawahi kusikia mtu anachimba dhahabu kwenye mawe ya chokaa, ila Nevada, Marekani, hapo ndo utajiri wao ulipo. Mahali panaitwa Carlin, waligundua 1961 na mgodi ukaanza 1965. Watafutaji wa zamani walipita juu ya ile dhahabu na makarai yao wasipate mkia wowote, sababu haionekani, chembe zake ni ndogo hata darubini ya kawaida haizioni, zimejificha ndani ya pairaiti yenye aseniki. Maji yenye asidi kidogo yalipanda kwenye nyufa yakaingia kwenye chokaa chenye udongo, chokaa kikayeyuka, mwamba ukabaki na vitundu kama sponji, na chuma kidogo kilichokuwemo kikaachiwa kikakutana na salfa, mengine unayajua tayari, ni ile ile ya jiwe langu la mistari ila kwa udogo usioonekana. Kingekuwa kifusi cha mjomba hata yule mama asingekijua. Na zile nchi ambako sakafu ya bahari inazama chini ya nchi kavu, Indonesia, Japani, Papua New Guinea, wana dhahabu ya volkano changa, kisiwa cha Lihir huko Papua New Guinea kwa mfano dhahabu imekaa ndani ya volkano ambayo bado ina joto. Volkano zetu za Bonde la Ufa zinatokana na ardhi kuachana, sio kuzamishana, kwa hiyo mtu akikwambia Kilimanjaro lazima kuna dhahabu kama ya Lihir, mwulize kwanza alikojifunzia.

Kuna jambo moja nataka nilikalie kidogo kabla sijaacha, sababu linawagusa wachimbaji wadogo mfukoni. Mtu anachimba mwaka mzima, jiwe jekundu la juu linachenjuka vizuri, zebaki inakamata, hela inaingia. Akishuka chini maji yakaanza kuonekana kwenye duara, jiwe linabadilika, linakuwa la kijivu, lina vimeta vya njano, analiponda kwa karasha lile lile, mashine ya kusaga mawe, anaosha kwenye mwalo ule ule, hapati kitu, na kila mtu anasema kuna mtu kamroga au dhahabu imekimbia. Haijakimbia. Juu, hewa na mvua zimeozesha pairaiti ikawa kutu, na dhahabu iliyokuwa imefungiwa ndani ikabaki huru. Chini ya usawa wa maji pairaiti bado nzima, dhahabu bado iko ndani yake kama nazi ndani ya kifuu, na zebaki haiwezi kukamata kitu isichokigusa. Unaongeza zebaki, unaunguza zebaki, unavuta ule moshi, wanao wanavuta, watoto wanacheza pale pale, kwa kitu ambacho hakikuwa na uwezo wa kufanya kazi tangu mwanzo. Hili linaniuma sana. Nimeona mtu anayetetemeka mikono hawezi kushika kikombe. Na yale marudio yake, mchanga uliobaki baada ya kuosha, anayauza kwa bei ya chini kwa mwenye plenti ya sayanaidi, kiwanda kinachoyeyusha dhahabu kwa kemikali, ambaye anapata dhahabu nyingi tu humo humo. Mtu akijua jiwe lake limebadilika kwa sababu gani, anaweza angalau kupeleka sampuli maabara ikapimwe kabla ya kuuza marudio, ajue ana gramu ngapi kwenye tani.

Mjomba naye ilimkuta hiyo hiyo. Baada ya kujua habari za kifusi alirudi kwenye jiwe jeusi, akapata vizuri miezi kadhaa, akajenga, bati akaweka. Afu akafika kwenye maji, likaja la kijivu, akaacha. Sasa hivi ana duka la vifaa vya ujenzi.

Mwaka jana nilikwenda na hili jiwe na sumaku. Tulikaa nje ya duka jioni, nikampa bila kumweleza kitu. Akaigusisha kule mwisho ikanata, akaivuta taratibu, ikalegea, akarudi nyuma, akaivuta tena, ikadondoka miguuni kwake. Akaiokota. Akarudia mara tatu au nne. Nikamweleza ile ya chuma na salfa, kama nilivyoeleza hapa, akawa anaitika tu, mhm, mhm, macho yako kwenye ufa. Afu akauliza, "Yule mama aliyekuwa anaokota pale kwangu, yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia nasikia alihamia kwa binti yake Runzewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Alijua. Na mimi nilikuwa namfukuza."

Jiwe alinirudishia, sumaku akaniomba. Hii iliyopo hapa mezani nimeitoa kwenye spika nyingine.